Mbulu na Hanang: Anayeandika ya jana ndiye anayegawa ardhi ya leo

KATIKA tambarare za Basotu, wilayani Hanang, kaburi la mzee wa Kibarabaig aliyeheshimika halikusudiwi kupotea machoni. Hujengwa kwa udongo na miti, likainuliwa awamu kwa awamu kwa miezi mingi huku ukoo ukikusanyika, hadi liwe tuta kubwa linaloonekana kutoka mbali. Wabarabaig huliita bung'eda.

Wajukuu hurudi kwenye tuta hilo kuomba, na wenyeji wanaopita hutambua ni ukoo upi uliokaa mahali pale na tangu enzi za mzee gani. Kwa jamii ambayo kwa vizazi vingi haikuweka kumbukumbu zake katika maandishi, bung'eda ndiyo iliyofanya kazi ya masjala ya ardhi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, matrekta yaliingia katika tambarare hizo kulima ngano. Wabarabaig walilalamika kwamba makaburi ya wazee wao yalilimwa pamoja na malisho. Walipokwenda mahakamani kudai ardhi, walitakiwa kuthibitisha jambo ambalo tuta lililosawazishwa haliwezi tena kulitolea ushahidi: kwamba wao ndio wenyeji wa mahali pale.

Historia ya wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, imelizunguka jambo hilo kwa zaidi ya miaka 100. Nani anakubaliwa kusimulia yaliyopita, na kwa ushahidi wa aina gani: kaburi, jina, simulizi au karatasi? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo lililoamua nani alime, nani achunge na nani aondoke.

Wilaya mbili, lugha za asili mbalimbali

Mbulu na Hanang ni miongoni mwa maeneo machache barani Afrika ambako jamii zenye lugha za asili tofauti kabisa huishi bega kwa bega. Wairaqw, ambao ndio wengi, huzungumza lugha ya Kikushi cha kusini, yenye undugu na Kigorowa cha Babati na, kwa mbali zaidi, Kisomali na Kioromo. Wabarabaig ni tawi kubwa la Wadatoga, wenye lugha ya Kiniloti. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, wana lugha ambayo wataalamu hawajaweza kuihusisha kwa uhakika na nyingine yoyote. Wapo pia majirani wa Kibantu, wakiwamo Wanyaturu, Wanyiramba na Wambugwe.

Mipaka ya utawala nayo imebadilika mara kwa mara. Wajerumani walijenga boma Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20, na Waingereza wakaifanya Mbulu kuwa wilaya kubwa iliyohusisha pia maeneo ambayo leo ni Hanang, Babati na Karatu. Hanang ilitengwa na Mbulu mwaka 1969. Mwaka 2002 wilaya hizo zilitolewa katika Mkoa wa Arusha na kuwa sehemu ya mkoa mpya wa Manyara.

Kila mgawanyo wa namna hiyo ulihitaji majina ya kuandika kwenye madaftari, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Jina alilokupa adui

Kwa miongo mingi Wadatoga wameitwa Wamang'ati, katika barua za serikali, magazetini na vinywani mwa watu. Neno hilo limetoka kwa Wamasai, na maana yake ni maadui. Vita vya karne ya 19 baina ya jamii hizo mbili viliwasukuma Wadatoga kutoka nyanda za Ngorongoro kuelekea kusini. Ndani ya kreta ya Ngorongoro yapo makaburi ya kale ambayo Wadatoga huyahesabu hadi leo kuwa ya wazee wao.

Hivyo jamii iliyoshindwa vita iliingia katika kumbukumbu za serikali kwa jina la tusi iliyopewa na mshindi wake. Jina la namna hiyo halikai bure. Ofisa mgeni anayefika Katesh au Basotu akiwa amekwishaambiwa kwamba atakutana na "maadui" huwa na hukumu mkononi kabla ya kusikiliza shauri lolote.

Wairaqw nao walijulikana rasmi kwa muda mrefu kama Wambulu, yaani kwa jina la boma walikotawaliwa. Wahadzabe waliitwa Watindiga na majirani zao, na ndivyo walivyoandikwa. Katika hali zote tatu, waliotajwa hawakuulizwa wanajiitaje.

Hadithi ya kutoka Iraq

Mfano ulio wazi zaidi wa nguvu ya maandishi juu ya kumbukumbu ni madai kwamba Wairaqw walitoka Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraq. Madai hayo husikika Mbulu, Karatu na hata vyuoni, na husimuliwa kana kwamba yamerithiwa kutoka kwa mababu.

Mwanaanthropolojia wa Norwei, Ole Bjørn Rekdal, aliyafuatilia na kuchapisha matokeo yake mwaka 1998. Alionyesha kwamba asili yake ni makisio ya waandishi kutoka nje, yaliyotokana hasa na kufanana kwa majina. Makisio hayo yaliandikwa, yakarudiwa katika maandishi mengine, yakaingia katika mazungumzo ya wasomi wenyeji, kisha yakaanza kusikika vijijini. Mtafiti wa baadaye aliyekwenda kuuliza wazee aliyapata humo humo na kuyarudisha kitabuni kama mapokeo. Kilichokuwa swali kikawa jibu, bila ushahidi mpya hata mmoja kuongezwa njiani.

Simulizi za wazee wa Kiiraqw zenyewe zinataja mambo mengine. Zinataja Ma'angwatay, mahali walikokaa kabla ya kuondoka kwa sababu ya ugomvi na Wadatoga, na safari iliyowafikisha katika milima ya Irqwar Da'aw, inayojulikana kwa Kiswahili kama Mama Isara. Huko ndiko wanakohesabu kuwa kitovu cha nchi yao. Ushahidi wa lugha nao unaelekeza kaskazini mwa Afrika Mashariki: wazungumzaji wa lugha za Kikushi walishuka kutoka upande wa Ethiopia maelfu ya miaka iliyopita.

Ni kweli kwamba lugha za Kikushi na Kiarabu ziko katika familia moja kubwa ambayo wataalamu huiita ya Kiafro-Asia. Lakini undugu huo ni wa kale mno, na hauwezi kutumika kuthibitisha safari ya kutoka Baghdad. Taifa la Iraq lenyewe liliundwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia.

Wapo watakaouliza kuna ubaya gani jamii kujivunia asili ya mbali. Ubaya uko katika hitimisho lililofichika ndani ya hadithi. Wakati wa ukoloni, watawala wengi wa Kizungu waliamini kwamba kila kilichowapendeza Afrika, iwe ufugaji bora au sura fulani, kililetwa na watu wa "Kihamiti" kutoka nje. Aliyeambiwa kwamba ametoka mbali alisifiwa, lakini papo hapo alifanywa mgeni. Na mgeni, siku sifa zikiisha, huambiwa arudi kwao.

Afrika Mashariki imekwishaona mwisho wa fikra hizo. Novemba 1992, mwanasiasa wa Rwanda Léon Mugesera aliuhutubia mkutano wa hadhara akidokeza kwamba Watutsi wangerudishwa Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Hadithi ya asili iliyotungwa na wakoloni ilikuwa imegeuzwa hati ya kufukuza watu. Mwaka 1994 miili ya watu ilielea katika mito ya nchi hiyo.

Mbulu haijafika huko, wala hakuna dalili ya kuelekea huko. Hata hivyo, mfano wa Rwanda unaonyesha kwa nini swali la nani ametoka wapi halipaswi kuachiwa makisio.

Jinsi nchi ilivyotangazwa kuwa tupu

Kama hadithi ya Iraq iliwafanya watu wa Mbulu waonekane wageni, hadithi iliyotumika Hanang ilikwenda mbali zaidi: iliwafanya watu wasionekane kabisa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliamua kupunguza uagizaji wa ngano kutoka nje. Tambarare za Basotu, zilizo magharibi mwa Mlima Hanang, zilionekana zinafaa. Kwa msaada wa serikali ya Canada, ulioanza mwaka 1970, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula (NAFCO) lilianzisha mashamba makubwa ya kisasa. Kufikia miaka ya 1980 yalikuwa saba, yakiwamo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal na Gidagamowd. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa takriban ekari 10,000.

Hoja iliyohalalisha mradi ni kwamba ardhi hiyo ilikuwa haitumiki. Aliyepita na gari katika mwezi usio wake aliona majani matupu, bila nyumba wala shamba, akaandika hivyo.

Wabarabaig walijua vingine. Ufugaji wao ulifuata misimu: eneo lililoachwa wazi mwezi huu lilijaa ng'ombe mwezi mwingine, na kupumzishwa kwake ndiko kulikolinda majani. Maeneo yenye udongo wa rutuba, yanayoitwa muhajega, yalikuwa nguzo ya mzunguko mzima. Ndiyo hayo hayo yaliyopendwa na wataalamu wa ngano. Mtafiti Mwingereza Charles Lane, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wabarabaig katika miaka ya 1980 na kuchapisha kitabu mwaka 1996, alionyesha kwamba kuondolewa kwa sehemu hiyo moja kulivuruga matumizi ya nchi yote iliyobaki.

Matumizi ya malisho yalisimamiwa na mabaraza ya wazee na ya koo, ambayo maamuzi yake hayakuandikwa popote. Kwa Wabarabaig hilo halikuwa pengo, kwa sababu kila aliyehusika aliyakumbuka. Kwa mpima ardhi kutoka mjini, jambo lisiloandikwa lilikuwa halipo. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na methali hiyo ilitimia Basotu.

Majina yenyewe yangetosha kuwa ushahidi wa awali. Majina mengi ya wanaume wa Kidatoga huanza na "Gida", na ya wanawake huanza na "Uda". Shirika la umma lilipoliita shamba lake Gidagamowd, lilikuwa limeandika kwenye kibao cha lango jina lenye alama ya watu ambao lilidai kwamba hawakuwapo.

Mulbadaw mahakamani

Mwaka 1981 Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na wanakijiji zaidi ya 60 waliishitaki NAFCO katika Mahakama Kuu mjini Arusha, wakidai kwamba shirika hilo limevamia ardhi yao. Mahakama Kuu iliwapa ushindi.

NAFCO ilikata rufaa mwaka 1985, na Mahakama ya Rufani ikatengua hukumu. Hoja zilizotumika zinastahili kukumbukwa, kwa sababu zinaonyesha jinsi historia inavyoweza kuzimwa kwa utaratibu halali kabisa.

Kwanza, mahakama ilisema kijiji hakikuthibitisha kwamba kiligawiwa ardhi hiyo kwa taratibu za sheria ya vijiji ya mwaka 1975. Pili, wanakijiji waliodai haki ya kimila walitakiwa kuthibitisha kwamba ni wenyeji wa asili kwa tafsiri ya sheria ya ardhi, ambayo mizizi yake ilikuwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1923. Mahakama iliona kwamba hilo halikuthibitishwa. Tatu, kwa kuwa ni wachache tu waliotoa ushahidi, madai ya wengine wote yalikosa msingi.

Kwa maneno mengine, mfugaji wa Hanang alishindwa kesi kwa sababu hakuna aliyesimama kizimbani kueleza jambo ambalo kila mtu Hanang alilijua. Kijiji, ambacho ni chombo kilichoundwa na serikali yenyewe, nacho kilishindwa kwa kukosa karatasi ambayo ilipaswa kutolewa na serikali hiyo hiyo.

Baada ya hapo hatua zilifuatana haraka. Mwaka 1987 serikali ilitoa amri ya kufuta haki za kimila katika vijiji kadhaa vya Mkoa wa Arusha, na mwaka 1989 ilitoa amri nyingine iliyohusu vijiji vya eneo la mashamba ya ngano. Kesi mpya za Wabarabaig zilizokuwa zikiendelea zilikutana na amri hizo.

Malalamiko kuhusu vipigo, kuchomwa kwa nyumba, kufungwa kwa njia za mifugo na kulimwa kwa makaburi yaliendelea hadi serikali ikaunda tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na Jaji Robert Kisanga, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kuundwa kwa tume hiyo kulikuwa na maana ya pekee. Kwa mara ya kwanza maelezo ya Wabarabaig kuhusu yaliyowapata yaliandikwa katika ripoti yenye muhuri wa serikali.

Msaada wa Canada ulikoma katika miaka hiyo ya 1990, na mashamba yakadhoofika. Yalipoingizwa katika mpango wa ubinafsishaji, baadhi yaligawiwa wananchi na mengine yakaenda kwa wawekezaji. Wakati wa ugawaji lilirudi swali lile lile: nani anahesabiwa kuwa mwananchi wa hapo? Wabarabaig waliotawanywa na mashamba walikuwa wamehamia mbali, wengine hadi mikoa mingine. Katika orodha ya wakazi wa kijiji, aliyeondolewa jana huonekana leo kama mtu asiyewahi kuwapo.

Kijiji cha Kambi ya Simba

Kufuta haki kwa amri hakukuwapata wafugaji peke yao. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha mamilioni ya Watanzania na kuwapa mashamba yaliyokuwa ya wengine. Miaka ilipopita, waliopokonywa walianza kwenda mahakamani, na wengi walishinda.

Mmoja wao alikuwa Lohay Akonaay wa kijiji cha Kambi ya Simba, wakati huo kikiwa Wilaya ya Mbulu. Yeye na mwanawe walishinda kesi ya kurudishiwa ardhi waliyoimiliki kimila. Kabla mambo hayajakamilika, Bunge lilipitisha Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki zilizokuwapo kabla ya Operesheni Vijiji, ikazuia mahakama kusikiliza mashauri ya aina hiyo na kukataza hukumu zilizokwishatolewa zisitekelezwe.

Ni nadra kuona sheria inayojaribu kufuta historia kwa uwazi kiasi hicho. Iliweka mstari katika kalenda na kutamka kwamba yaliyotangulia hayatasikilizwa.

Akonaay na mwanawe walikwenda Mahakama Kuu, kisha suala likafika Mahakama ya Rufani. Desemba 1994 mahakama hiyo, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba vifungu vya sheria vilivyowapokonya watu mali bila fidia ya haki na kuwafungia mlango wa mahakama ni batili. Mahakama ilieleza kwamba tafsiri nyingine yoyote ingewageuza Watanzania wengi kuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe.

Hukumu hiyo, iliyotokana na mgogoro wa familia ya kijijini, imekuwa moja ya nguzo za sheria ya ardhi ya Tanzania. Ilikuja takriban miaka 10 baada ya Mulbadaw, na haikuwafaa wafugaji waliokwisha kushindwa.

Wasiojenga kaburi wala shamba

Wabarabaig walikuwa na makaburi ya kuonyesha, na mkulima wa Kiiraqw ana shamba, mipaka ya mawe na miti aliyoipanda babu yake. Je, anayeishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali aonyeshe nini?

Hilo limekuwa tatizo la Wahadzabe wa Yaeda. Maisha yao huacha alama ndogo sana juu ya ardhi. Kwa macho ya mgeni, sifa hiyo ya kutoharibu nchi imetafsiriwa kuwa ushahidi kwamba nchi haina mwenyewe. Wakulima na wafugaji wameingia bondeni kwa miongo mingi. Katikati ya miaka ya 1960 serikali ilijaribu kuwakusanya Wahadzabe katika makazi ya kudumu pale Yaeda Chini, wengi wakarudi porini. Mwaka 2007 kampuni ya uwindaji kutoka Umoja wa Falme za Kiarabu ilijiondoa katika mpango wa kutumia bonde hilo, baada ya malalamiko yaliyosikika ndani na nje ya nchi.

Mwaka 2011 mambo yalichukua mkondo mwingine. Kwa msaada wa shirika la wenyeji la Ujamaa Community Resource Team, Wahadzabe walipewa cheti cha haki miliki ya kimila kwa pamoja, kama jamii, juu ya takriban hekta 20,000. Ili kukipata, walilazimika kufanya kile ambacho Wabarabaig hawakupewa nafasi ya kukifanya mwaka 1970: kutaja mahali, matumizi na mipaka, na kuviona vikichorwa kwenye ramani wakiwapo.

Cheti hicho hakikuwafukuza majirani. Kilibadilisha upande wa kutoa uthibitisho. Aliyekuwa akiambiwa athibitishe kwamba yupo sasa ana karatasi, na anayetaka kuingia ndiye anayepaswa kueleza.

Kinachosemwa na sheria ya sasa

Msingi wa cheti hicho ni Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Sheria hiyo na ile ya ardhi ya mwaka huo huo zilitanguliwa na mjadala mrefu, ikiwamo kazi ya tume ya Rais iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ambayo ilipokea malalamiko ya wananchi nchi nzima.

Kifungu cha saba cha sheria ya vijiji kinasomeka kama jibu kwa Basotu. Kinatambua kuwa ardhi ya kijiji si ile tu inayolimwa, bali pia iliyopumzishwa, inayotumika kulisha mifugo, na hata inayotumika kama njia ya kuipeleka mifugo malishoni, iwapo wanakijiji walikuwa wakiitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria kutungwa. Matumizi yasiyoonekana kutoka garini yamepewa uzito wa kisheria.

Hata hivyo, Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka huo huo, katika kueleza maana ya ardhi ya jumla, ambayo iko mikononi mwa serikali, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumiwa. Maneno hayo machache yanaacha mlango wazi. Nani atasema kwamba ardhi fulani haitumiki, na ataitazama katika mwezi gani wa mwaka? Hadithi ya nchi tupu, iliyotolewa kwa mlango wa sheria moja, inaweza kurejea kwa mlango wa sheria nyingine.

Muda wa miaka 12 nao una makali yake. Ulihesabiwa kurudi nyuma kutoka mwaka 1999, yaani hadi mwaka 1987. Mbarabaig aliyeondolewa kabla ya hapo anabaki nje ya kumbukumbu ambazo sheria imekubali kuzisikiliza.

Somo kutoka Mau

Tatizo hilo haliko Tanzania peke yake. Mei 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, mji ule ule walikoshitaki watu wa Mulbadaw, ilitoa hukumu ya kesi ya Waogiek wa msitu wa Mau dhidi ya Kenya. Serikali ya Kenya ilidai kwamba Waogiek si jamii ya pekee, bali ni mchanganyiko wa makabila mbalimbali. Hoja ilikuwa ya ukoo ule ule na ya mwaka 1985: kwanza thibitisheni kwamba ninyi ni nyinyi.

Safari hii mahakama ilikubali kusikiliza historia ndefu zaidi. Ilitambua kuwa Waogiek ni wenyeji wa asili wa msitu huo, na kwamba kuwaondoa kulivunja haki zao za ardhi, dini na utamaduni. Ushahidi kuhusu mahali pa ibada na kumbukumbu ya namna watu walivyoishi ulipewa uzito mahakamani.

Kazi iliyobaki

Wairaqw, Wabarabaig na Wahadzabe hawana historia moja, na mara nyingi zinapingana. Wapo Wairaqw wanaolima leo palipokuwa malisho ya Wadatoga, na Wadatoga wanaochunga palipokuwa mawindo ya Wahadzabe. Kila mmoja ana simulizi yenye ukweli, na kila simulizi inamsahau mtu. Kumtambua mmoja kuwa mwenye historia pekee kungekuwa kurudia kosa la wakoloni kwa sauti mpya.

Kinachoweza kufanywa ni kidogo zaidi, nacho kina manufaa zaidi. Mipango ya matumizi ya ardhi ya vijiji inapoandaliwa, makaburi, visima, njia za mifugo na mahali pa ibada vinaweza kuorodheshwa kabla ya mashine kufika. Majina ya mahali yanaweza kuandikwa kama wanavyoyatamka wenyeji. Wanawake, ambao miongoni mwa Wabarabaig wana baraza lao lenye uwezo wa kuwatoza faini wanaume, wanaweza kuulizwa wanakumbuka nini. Shuleni, mtoto wa Mbulu anaweza kufundishwa kwamba dhana ya kutoka Iraq ni makisio, na kuonyeshwa jinsi makisio yanavyogeuka kuwa "mapokeo".

Muda wa kufanya hivyo hauko mrefu. Wabarabaig waliokuwa watu wazima matrekta yalipofika Basotu sasa ni wazee sana, na kila mwaka idadi yao hupungua. Wakiondoka bila maelezo yao kuandikwa, kitakachobaki kuhusu tambarare hizo ni majalada ya mashamba ya ngano, na ndani ya majalada hayo nchi ilikuwa tupu.